Mstari wa Njano kwenye Bolti ya Sampu

Meneja aliniomba niache maandishi kuhusu vimiminika vya magari yetu: oili ya injini, ya giaboksi, ya difu, mafuta ya breki na maji ya rejeta. Alisema nimeyashika hayo miaka ishirini na sita, si vizuri nikastaafu na kuondoka nayo kichwani. Nimemwandikia kurasa nne za Kiingereza, kavu kabisa, na ameshazibandika kando ya kabati la spana. Someni hizo mkitaka vipimo. Hizi ni nyingine, nimeziandika kwa Kiswahili kwa ajili yenu ninyi Watanzania na Wakongo ambao sasa ndio nusu ya gereji.

Kwanza niseme shida yangu, msije mkadhani nazunguka. Mna msemo wenu. Mtu akisahau kukaza kitu, hata kifuniko cha chupa ya maji, mnamwambia, "Usifanye Siva." Wengi wenu hamjawahi kumwona Siva. Mnadhani ni neno la Kizulu au jina la chombo fulani. Siva ni mtu, yuko hai, ndiye aliyenifundisha kazi, na ile bolti iliyoachwa bila kukazwa, mnayomchekea, hakuiacha yeye. Niliiacha mimi. Nataka jina lake litoke midomoni mwenu tukiwa bado tupo, mimi na yeye.

Nilifika Durban nikiwa fundi wa malori. Kule Tanga nilikuwa nafungua bolti ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kwa spana ndefu kama mkono wangu, oili inamwagika kwenye pipa lililokatwa nusu, mwenye lori amekaa pembeni anamenya machungwa. Siku yangu ya kwanza hapa nilipewa gari jekundu la spoti, fupi kiasi kwamba nililala kifudifudi sakafuni kutafuta pa kuanzia. Sikuona kitu ila plastiki nyeusi, bapa, kutoka bampa la mbele mpaka karibu na la nyuma. Mwanamume mmoja mfupi, Mhindi wa hapahapa Durban, miwani ikining'inia shingoni kwa kamba, alinitazama huku anakunywa chai yake. Alipomaliza kikombe akasema, "Hamis, huko chini hutapata kitu. Lipandishe kwenye lifti."

Ndiye Siva. Sote tulimwita Uncle Siva, kama watu wa hapa wanavyowaita wakubwa zao. Tuliongea Kiingereza cha Durban kilichochanganyika na Kizulu. Maneno yake nayaandika hapa kwa Kiswahili, maana ndivyo yalivyokaa kichwani mwangu.

Ile plastiki ni kava la chini. Lipo ili hewa ipite vizuri gari likikimbia, na lina skrubu nyingi za kumchosha mtu. Kwa fundi lina ubaya mmoja mkubwa. Lori likivuja, asubuhi unakuta doa chini, unajua. Gari la spoti likivuja, oili inajikusanya juu ya kava, sakafu inabaki safi kama ya msikiti. Siva alinizoeza kupitisha tambara jeupe juu ya kava lote kabla ya kulirudisha. Nilimuuliza kwa nini jeupe. Akasema jeusi halina habari.

Alinifundisha pia kungoja. Oili ya injini ikianza kutoka inakuja kama uzi mnene, halafu uzi unakonda, halafu yanabaki matone. Mafundi wenye haraka hufunga kwenye uzi mwembamba. Siva alifunga pale tone moja lilipochukua muda wa kunywa funda moja la chai mpaka jingine lianguke. Alichovya kidole kwenye oili iliyotoka, akaisugua kwa dole gumba, akainusa. Ikinuka petroli, mwenye gari anakwenda safari fupifupi tu, nyumbani na dukani, injini haipati kuchemka sawasawa. Ikinuka moto, anakimbia sana. Alikuwa akijua maisha ya wateja kwa pua, na hakuwa mtu wa kusengenya.

Mteja wa gari jipya ana swali moja, nanyi mtalisikia mpaka mstaafu. Namkumbuka kijana mmoja wa Umhlanga, gari lake lilikuwa na miaka miwili na lilikuwa limetembea kidogo sana. Alikuwa ameshika karatasi ya makadirio kama mtu aliyeshika samaki aliyeoza.

"Six thousand rand? Gari liko kwenye mpango wa sevisi. Na haliendi popote, linakaa gereji kwangu!"

"Mpango unalipa oili na filta," Siva akamwambia. "Haya ni mafuta ya breki na oili ya difu. Mafuta ya breki hayajali kama gari linatembea. Yanavuta unyevu hewani, na wewe unaishi mita mia mbili kutoka baharini."

"Kwa hiyo nalipia hewa?"

"Unalipia siku utakayokanyaga breki kwenye mteremko na zisishike, kwa sababu maji yamechemka ndani ya bomba."

Kijana alilipa. Siva hakupenda kumtisha mtu, ila alisema ukweli mpole huwa hausikiki kaunta. Waambieni wateja mapema, siku wanayochukua gari, kwamba mpango wa sevisi una mipaka. Hasira nyingi za pale mbele zinatoka kwenye jambo ambalo muuzaji aliliruka.

Sasa mistari. Mnajua kila bolti ya kumwagia oili tukiisha kuikaza tunaipiga mstari wa kalamu ya rangi, nusu kwenye bolti, nusu kwenye sampu. Bolti ikilegea, mstari unakatika, unaona. Kila fundi alikuwa na rangi yake. Ya Siva ilikuwa njano, yangu nyeupe. Utaratibu ulikuwa hivi: weka wosha mpya, ile pete nyembamba ya kuziba, funga kwa vidole, kaza kwa spana ya kupimia nguvu mpaka ilie, ndipo uchore. Mstari ulikuwa na maana moja tu, kwamba hapa pamekazwa. Hakuna aliyerudia kukagua bolti yenye mstari. Kufanya hivyo kungekuwa kumtukana mwenzako.

Miaka kumi na moja iliyopita, Alhamisi moja kabla ya mapumziko marefu, kila mwenye gari la spoti alitaka liwe tayari kesho yake. Kulikuwa na gari la fedha la daktari wa meno, jipya, sevisi yake ya kwanza. Daktari alimtaka Siva na si mwingine, kwa hiyo kadi ya kazi iliandikwa jina la Siva. Lakini Siva alikuwa ameng'ang'ana na breki za gari jingine, akaniomba nimmalizie oili. Kalamu yangu ilikuwa imekauka. Nikaazima ya kwake.

Nilikuwa nimeweka wosha, nimefunga bolti kwa vidole mpaka imekaa. Siva akaita kutoka lifti ya pili, "Hamis, kalamu yangu!" Nikaona nisimcheleweshe. Nikachora mstari kwanza, nikamrushia kalamu, nikageuka kuchukua spana ya kupimia. Simu ikatetemeka mfukoni. Alikuwa dada yangu Zaina, anapiga kutoka Muheza.

"Kaka," akasema, "mama ametutoka. Asubuhi hii. Tunamzika alasiri."

Sijui nilijibu nini. Nakumbuka nilisimama chini ya lile gari, simu imekatika, natazama juu. Nikaona bolti ina mstari wa njano. Bolti yenye mstari imekazwa. Macho yangu yaliuamini mstari ambao mkono wangu mwenyewe ulikuwa umeuchora muda mfupi tu uliopita. Nikajaza oili mpya, nikawasha injini, nikachungulia, pakavu. Bolti ya vidole yenye wosha mpya inaweza kukaa kavu siku kadhaa. Nikafunga kava, skrubu zote, bila kukosea hata moja.

Wiki iliyofuata daktari alikuwa anapanda mlima kwenda Maritzburg. Taa ya oili ikawaka. Akajiambia haiwezekani, gari limetoka sevisi juzi, akaendelea kidogo. Injini ikakwama palepale. Yeye hakuumia, namshukuru Mungu. Gari likaletwa na lori la kuvuta. Tulipofungua kava, oili ilimwagika mpaka kwenye viatu vya meneja, na bolti ilikuwa imelala juu ya plastiki na nusu yake ya mstari.

"Huu mstari wa nani?" meneja akauliza.

Siva aliiokota ile bolti, akaipangusa, akavaa miwani na kuigeuzageuza kwenye mwanga. Halafu akanitazama. Hakunitazama sana.

"Njano ni yangu," akasema.

Mimi nilikuwa nimesimama hapo. Nilikuwa na mdomo. Sikusema kitu.

Gereji ililipa injini mpya. Siva alikuwa amebakiza miezi kumi kustaafu, wakamwambia aende mapema. Hakuna sherehe, hakuna keki. Alikusanya vikombe vyake viwili na kadi ya Diwali aliyokuwa amebandika kabatini. Sababu yangu ya kunyamaza nitaitaja kama ilivyo, bila kuipaka mafuta: kibali changu cha kazi kilikuwa ofisini kinasubiri kuongezwa, na kilikuwa kimefungwa kwenye kazi hii. Fundi anayeua injini mpya hufukuzwa, na mgeni anayefukuzwa hurudi kwao. Niliogopa. Nilikuwa mwoga, na mtu mwingine akaulipia woga wangu.

Ila kuna jambo ambalo sikulipigia hesabu. Ili niifiche bolti, ilinibidi niifiche simu. Mtu angejua mama yangu alifariki Alhamisi ile, saa ile, angejumlisha mwenyewe. Mtamkumbuka Fiston, yule Mkongo aliyekuwa anaosha magari. Tulikuwa tunakaa jengo moja South Beach, yeye chini yangu. Kesho yake baada ya ile simu alinisimamisha kwenye sehemu ya kuoshea.

"Papa Hamisi, macho yako iko nyekundu. Iko problème nyumbani?"

"Ni dawa ya kusafishia breki," nikamwambia.

"Bon. Mi nilisema pengine kuna mtu alikufa. Ukiwa na matanga unatuambia, hein? Tutakuya wote."

Hapo gari la daktari lilikuwa bado linatembea na mimi sikujua kitu. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kulia kazini, nikajiambia nitamwambia Jumapili. Jumapili nikasema Jumatatu. Gari liliporudi juu ya lori, nafasi ya kusema ikawa imefungwa. Na ni kweli wangekuja. Wangejaa kwangu Watanzania na Wakongo, wangebeba viti kutoka orofa zote, mtu angepika wali kwenye sufuria kubwa, wazee wangesoma dua, wanawake wangelia hata kama hawakumjua. Badala yake nilijifungia, nikasoma Yasini peke yangu nikitazama dirisha, nikamtumia Zaina fedha za hitima, nikaenda kazini. Katika mji huu mzima hakuna mtu aliyeniambia pole. Na mtu asipoambiwa pole, msiba haumtoki. Unabaki naye mezani kila siku.

Mambo ya vyeo nayaruka. Inatosha kusema kwamba nilipewa lifti ya Siva. Nilianza kula chakula cha mchana kwenye stoo ya vipuri, peke yangu, maana zamani saa hiyo Siva alinimegea mkate wake wenye kari ya maharage, na sikuweza kukaa pale tulipokaa. Mlidhani najivuna. Ile sheria yangu kwamba hakuna kuazimana kalamu, na kwamba spana ilie kwanza mbele ya mtu wa pili ndipo mchore, mlidhani ni ukali wa uzee. Mmoja wenu aliniita Mzee Sheria. Nilisikia.

Sitawanyima faida nyingine, maana hata mwenye aibu ana kazi anayoijua. Giaboksi za siku hizi zenye klachi mbili usizipime oili zikiwa baridi wala zikiwa zimechemka. Kuna joto lake maalumu, na joto hilo linapita upesi, kwa hiyo ukiwa chini ya gari usiongee na mtu. Maji ya rejeta ya rangi mbili usiyachanganye hata mteja akikuapia kwamba yanafanana. Gari lililokaa miezi bila kutembea lihudumieni kwa kalenda, msitazame kilomita. Nilikuwa na mteja mmoja, mama mjane, aliyekuwa analeta gari la mumewe kila mwaka na kilomita zisizofika hata mia. Aliniuliza kama anapoteza pesa. Nikamwambia mafuta ya breki yanaharibika hata yakikaa kimya. Akasema anaelewa, akaomba kiti, akakaa kunitazama mpaka nikamaliza. Nilifanya kazi ile polepole kuliko ilivyohitaji.

Lile neno "kufanya Siva" silijui lilianza kwa nani. Mara ya kwanza nilipolisikia, wote walicheka. Nami nikacheka. Hicho kicheko ndicho kinachonisumbua kuliko hata ile bolti.

Halafu ikaja Ijumaa ya kuniaga. Mlinitengenezea keki yenye umbo la gari, ahsanteni, ilikuwa nzuri. Meneja akasimama na kusema kwamba kwa miaka yote hiyo hakuna bolti yangu hata moja iliyorudi. Kutoka nyuma mmoja wenu akapaza sauti, "Hakufanya Siva!" Mkapiga makofi. Nikala keki. Nilikula kipande changu chote nikiwatazama, na nilikuwa mpweke mle ndani kuliko siku ile niliyoshuka basi nisijue mtu.

Jumatatu nilirudi kwa meneja na barua ya ukurasa mmoja yenye ukweli wote. Aliisoma mara mbili. "Eish, Hamis," akasema, "mambo ya zamani haya, ya nini?" Nikamwomba aiweke kwenye faili la Siva, akaahidi ataiweka. Jumanne nikaenda Merebank, anakoishi Siva.

Siva alinifungulia geti mwenyewe. Amepungua mwili, miwani bado iko kwenye kamba. Tulikaa barazani. Hakuniuliza nimefuata nini.

"Uncle, ile bolti ni mimi."

"Najua."

"Unajua?"

"Mimi natumia mkono wa kushoto. Mistari yangu inalala upande mwingine." Akaonyesha kwa kidole hewani. "Meneja hakuwahi kutazama vizuri. Nilipoishika tu nikajua."

"Kwa nini hukusema?"

"Mimi nilibakiza miezi kumi. Wewe wangekurudisha kwenu." Akaigusa kamba ya miwani yake. "Lakini nilingoja uje uniambie, hata mimi peke yangu. Hukuja. Nilikukasirikia, Hamis, usidhani sikukukasirikia. Miaka mingi."

Nikamwambia ana haki. Nikamwambia kuhusu barua. Alitikisa kichwa kama mtu anayesikia bei ya kitu asichonunua tena.

"Nataka kujua kimoja tu," akasema. "Ulikuwa huwezi kuchora halafu ukasahau kukaza. Nilikufundisha mwenyewe. Siku ile ulipatwa na nini?"

Nikamweleza. Kalamu, simu, Zaina, mama. Sikuwahi kuyatamka yote kwa mpangilio kabla ya hapo. Siva alivua miwani.

"Siku ileile?"

"Ileile."

"Na kesho yake tulikula pamoja. Ulikaa karibu yangu, ukala mkate wangu."

"Ndiyo, Uncle."

Aliinuka, akashika fremu ya mlango, akamwita mkewe kwa sauti ambayo sikujua bado anayo.

"Kamala! Njoo huku. Mama yake Hamis amefariki."

Aunty Kamala akatoka jikoni mbio, unga wa roti umempanda mpaka kwenye viwiko.

"Lini?" akauliza.

Nikafungua mdomo nimwambie ni zamani, asijisumbue. Siva akaniwahi.

"Sisi tumeambiwa sasa hivi," akasema.

Aunty Kamala alivuta kiti, akakisogeza mpaka kikagusana na changu, akakaa, akanishika mkono kwa mikono yake yenye unga. "Pole, mwanangu," akasema. "Pole sana. Aliitwa nani?"

"Mwanaidi," nikasema, na hapo ndipo nilipolia.